Moketi Iliyokunywa Maji

Mwaka wa sabini na tano, nyumba za mji wa Bunia zenye moketi, zulia la kufunika sakafu nzima, zilikuwa za kuhesabu, na karibu moketi zote hizo zilioshwa na mtu mmoja, Marcellin Ukethi wa mtaa wa Mudzi-Pela. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo ofisini aliitwa sitwaye Ukethi, yaani raia Ukethi. Lakini akina mama wenye sebule chafu walimwita Marcellin, na Serikali haikuwasikia.

Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya katekista, na imani moja tu kuhusu kazi yake: uchafu unaogopa maji. Alijisifu kwamba ujuzi huo aliupata katika hoteli kubwa ya Kisangani. Ni kweli alifanya kazi hotelini. Alikuwa anaosha magari.

Siku moja akaitwa na sitwaye Katsuva. Huyu alikuwa amepewa duka na nyumba ya Mgiriki mmoja siku zile mali ya wageni ilipogawiwa wananchi. Dukani kulibaki viberiti na vumbi. Kitu pekee ambacho bado kilikuwa na heshima ni moketi nyekundu ya sebuleni, iliyotandazwa ukuta hadi ukuta, na Jumapili mkubwa mmoja wa Serikali angekuja kula hapo.

"Papa Marcellin," mama Bibiane, mke wa Katsuva, alimwambia, "ninataka ile mukubwa aone moketi mbele ya kuona miye."

"Mama, usiogope. Itakunywa mayi mpaka ishibe."

Ikanywa kweli. Jumamosi Marcellin alimwaga ndoo juu ya ndoo, akasugua kwa brashi mpaka povu likapanda miguu ya viti. Povu lilipokataa kutoka, aliliongezea maji. Jioni alikausha juu kwa matambara, akapitisha kiganja, kikarudi kikavu, akajipongeza. Hakubonyeza. Chini ya ule wekundu kulikuwa na gunia, na chini ya gunia sponji, na vyote viwili vilikuwa vimelewa. Mama Bibiane, kwa kuogopa vumbi la barabara, akafunga madirisha yote.

Jumapili Marcellin alirudi akiwa amevaa shati la misa, akasimama mlangoni pa jikoni kungoja sifa. Sebule ilinuka mbuzi aliyenyeshewa. Mkubwa akaingia na viatu vyake vyeupe, akakanyaga, na sakafu ikajibu: chwa!

Kila mtu alisikia. Hakuna aliyesikia.

"Ni laini sana," alisema mke wa mkubwa.

"Ni mutindo ya Ulaya," Katsuva akajibu, jasho likimtoka.

Walikula wakisifu kuku, huku wakipumua kwa mdomo. Kila mkubwa alipovuta mguu, chwa, na Marcellin kule jikoni akafumba macho. Mgeni alipoinuka, viatu vyake vilikuwa na ukingo wa rangi ya waridi kama vya bibi harusi. Akakumbuka ghafla kwamba ana mkutano. Jumapili.

Siku chache baadaye mama Bibiane akamwita tena. Moketi ilikuwa imekauka juu na kusinyaa, ikaacha sementi wazi kuizunguka sebule yote.

"Moketi ya Mugriki ilikuwa inafika kwa ukuta. Ao ukuta ndiyo imetembea?"

Marcellin alitazama ukuta kwa muda, kama mtu anayefikiria kuushtaki. Kisha akapiga magoti, akainua kona. Maji ya rangi ya chai yakamchuruzika mkononi, na uyoga mdogo ulikuwa umeota pale, umesimama vizuri kuliko yeye.

Kwa hofu ya maji, akageukia kinyume chake. Katika baa ya Madeleine, iliyokuwa na moketi pia, alikataa maji kabisa, akanyunyiza unga wa muhogo uvute uchafu. Mteja akamwaga bia juu ya unga huo. Wiki nzima Madeleine alikwangua bugali sakafuni, huku akimtaja Marcellin kwa majina ambayo hata Serikali isingeyaruhusu.

Hapo ndipo alipoanza kujifunza: kutoa vumbi kwanza, kukamua kitambaa mpaka kikatae kudondosha tone, kubonyeza kwa kiganja na si kupapasa, kuacha madirisha wazi. Moketi zikakauka kabla ya jioni, safi, bila harufu.

Wateja wakanuna.

"Na mayi iko wapi?" mama Bibiane alimuuliza, mikono kiunoni. "Umepangusa tu kama mutu anapangusa meza. Ile ni kazi?"

Basi miaka ya themanini ilimkuta Marcellin akiingia kwa watu na ndoo zilizojaa hadi ukingoni, akizipanga mahali pa kuonekana, akifanya kazi kwa kitambaa chake kilichokamuliwa, kisha akitoka nazo zikiwa zimejaa vilevile. Majirani walimtazama akipita, mabega yamelemewa.

"Ule mutu anajua kuosha," walisema.

Marcellin aliwaitikia kwa kichwa, akaenda kumwaga maji mtaroni.