Mboji Ambayo Haijapoa

Nakumbuka siku moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilipoinama juu ya shimo la mboji nyuma ya nyumba yetu ya Kamembe, nikachomoa kijiti kilichosimikwa katikati yake ili kupima joto. Kilikuwa cha moto, hata nikakihamisha mkono huu na ule. Mwanangu, kijiti kilisema kweli, mimi sikutaka kusikia.

Ndoa yetu ilikuwa ya mwaka mmoja. Mke wangu alikuwa amevuka mpaka kutoka Bukavu na vipande vitatu vya waridi, amevifunga kwa maganda mabichi ya mgomba. Alivikata uani kwa mama yake wiki ile waliyomzika, kabla nyumba haijauzwa. Hatukuweza kupata vingine. Vilishika kando ya mmarakuja wetu, ule mtambaa wa pasheni, vikatoa majani, lakini maua hayakuja. Kila nilipomwona akivitazama, nilijiona nachelewa kumfariji. Mapenzi ya ujana yana mbio kuliko macho.

Basi nikachota ile mboji, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi ya siku kumi na moja tu, nikaizungushia mashina yote matatu. Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua kingoni.

Nikamkimbilia jirani yetu Mzee Idi, fundi cherehani, aliyenifundisha kuchimba lile shimo. Alikuja na utepe wa kupimia ungali shingoni.

"Kijiti ulichomoa?"

"Nilichomoa, Mzee. Kilikuwa cha moto."

"Sasa weye, bugali ikitoka ku moto, unaitia mu kinywa ya mutoto?"

Tulifukua mboji kwa vidole, tukamwagilia maji tele. Mashina mawili yalikufa. La tatu lilibaki na chipukizi moja, chini kabisa. Mke wangu aliinama kulitazama, nami nikingoja kugombezwa.

"Ungeniuliza," akasema. "Nani alikuambia niko na haraka?"

Chipukizi lile lilitoa ua mwaka uliofuata, bila mimi kuligusa.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwanangu, geuza mboji kila wiki mbili. Usiitumie mpaka kijiti kitoke baridi nayo inukie kama udongo baada ya mvua. Na umpendaye, kabla hujamtendea jambo, muulize analitaka lini. Mungu akujalie mikono yenye subira, na nyumba ambayo mtu akikosea bado anapakuliwa chakula.