Laptop iligoma kuwaka, na sauti ya baba ilikuwa ndani

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kilosa, sijaongeza chumvi.

Baba yangu alifariki mwaka juzi. Kabla ya hapo, kila likizo nilikuwa naenda kwake Malolo kumrekodi akisimulia enzi za Ujamaa. Alihamishwa kutoka mlimani akiwa kijana, nyumba yake ya kwanza haijamaliza hata mwaka, akaanza upya kwenye kijiji kipya bondeni.

Rekodi kumi na mbili. Nilizihamishia kwenye laptop, kwenye simu nikafuta ili nipate nafasi.

Backup sikuwa nayo. Nisemeni tu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika laptop ikiwa katikati ya update, na betri ilishakufa zamani. Umeme uliporudi, inawaka kidogo, inazunguka, inazima.

Nikaipeleka kwa fundi Mikumi.

"Dada, system imekufa. Tunapiga window upya, inakuwa kama mpya."

"Na vilivyomo?"

"Tunaformat, vinafutika. Si picha picha tu?"

Nikaichukua laptop yangu nikarudi nayo, nimeipakata kwenye basi kama mtoto mgonjwa.

Mdogo wangu Tabitha anafundisha kompyuta Dumila. Nilipompigia alisema, "Usiiwashe tena dada. Wala usirepair kitu. Tunakopi kwanza."

Jumamosi akaja na external, diski ya nje ya kukopia, na flash yenye Linux, system nyingine tofauti na window. Laptop ikawaka kupitia flash, bila kugusa system iliyokufa. Ila diski ikagoma kufunguka. File system, yaani ule mpangilio unaoiambia kompyuta kila faili lipo wapi, ilikuwa na makosa.

Tabitha akaifungua kwa kusoma tu, isiandikwe chochote. Folder la "Baba" likatokea.

Kumi na moja zilifunguka. Ya mwisho imebaki jina, ukubwa sifuri.

Tukacheza moja. Nasikika nikimuuliza kama anaikumbuka nyumba ya mlimani. Jogoo anawika, kisha baba:

"Mlango wake ulitazama jua linakochomoza. Huku tulipangiwa mstari, milango yote barabarani. Mpaka leo nikiamka nageukia ukutani."

Akacheka kidogo. "Zima hicho, mwanangu, tule."

Tabitha akaweka kiganja kwenye screen, akakiacha hapo.

Tulipomaliza kukopi ndipo tukapiga window upya. Inafanya kazi vizuri.

Nilichojifunza: faili kuonekana kwenye folder si kwamba liko salama. Weka nakala sehemu mbili zaidi, na system ikifa, kopi kabla ya kurepair.

Lile la kumi na mbili sijalifuta. Huwa nalibofya, halisemi kitu. Ndiyo rekodi ya siku ya mwisho niliyokaa naye, na sikumbuki tuliongea nini.

Mwenye ujuzi wa kuokoa faili la namna hii anielekeze. Na wewe ambaye mzee wako bado yupo, sauti yake umeihifadhi wapi?