Ubani wa Asubuhi ya Mtihani

Mpaka leo nikinusa ubani kwenye nguo, namkumbuka mama siku ya mtihani. Asubuhi ile, nyumbani kwetu mtaa wa Mabela, mama alisimama juu ya chetezo chenye makaa na ubani, akifukiza abaya yake. Anakwenda kufanya mtihani wa Kiingereza wa kazi, na alishafeli mara moja. Mimi nimeshika kitabu, namhoji kitenzi kipi hufuatwa na "to" na kipi na "-ing".

"Enjoy?"

"Enjoy to work."

"Siyo, mama! Enjoy working. Want?"

"Want working."

"To work!"

Nje teksi ikapiga honi. Bibi akaingia, akamwona mama, akapiga ukelele: "We mwana, unaungua!"

Upindo wa abaya ulishashika moto. Mama akaukanyaga kwa mguu mtupu mpaka ukazimika.

"Niulize tena," akaniambia, "tangu mwanzo."