Mchumba wa Dada na Perege wa Chala

Kwetu kijijini Kilema mwanamume akija kuposa huja na mbege, pombe yetu ya ndizi. Huyu alikuja na samaki. Alikuwa fundi cherehani wa Moshi mjini, na Jumamosi akitokea kwa dada yangu mjane, mkononi ana perege wawili watatu waliofungwa kwenye jani la mgomba. Alisema anawavua mwenyewe Ziwa Chala, kwa ndoana. Jumamosi nyingine hakutokea kabisa, wala hakueleza alikuwa wapi.

Chala naijua. Ziwa limezama ndani ya shimo la volkano, lina kina cha kutisha, na maji ni maangavu kiasi kwamba ukitupa jiwe unalitazama likizama mpaka macho yachoke. Samaki unawaona, nao wanakuona. Ujanani nilivua pale na wenzangu, nikaambulia kuungua jua. Kwa hiyo sikuwa na shaka: yule bwana alikuwa ananunua samaki wa bwawani pale sokoni Himo, halafu anapanda kwetu mlimani kutudanganya. Na anayedanganya juu ya perege anashindwaje kudanganya juu ya mke? Zile Jumamosi za kupotea nilishazipatia jibu. Ana mwanamke mjini.

Baba alishafariki, na neno la kukubali au kukataa lilikuwa langu. Dada aliniambia wazi kwamba anamtaka. Nikamwomba angoje, nikaanza kuulizauliza mjini. Wote wakamsifu. Hilo likanitia shaka zaidi, maana binadamu gani anasifiwa na kila mtu?

Nikamwambia anipeleke Chala.

"Shikamoo kaka," alinisalimu asubuhi hiyo, kisha akanitazama kifuani. "Umevaa shati jeupe?"

"Lina nini?"

"Samaki wataliona kabla hatujafika majini." Akavua koti lake la kijani, akanipa.

Tuliposhuka ukingoni nikaomba kuona mfuko wake. Nilitarajia kukuta samaki ndani. Nilikuta mshipi mwembamba kama uzi wa kushonea, ndoana ndogo za kuvulia labda sisimizi, nyungunyungu kwenye kopo, na vipande vya risasi vya kuzamishia chambo, vidogo kama punje za mtama.

"Hivi vitamshika nani?" nikauliza.

"Mshipi mnene wanauona. Risasi nzito inawashtua. Samaki wa maji maangavu ana shaka sana, kaka. Kila kitu lazima akikague." Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alirusha, akaacha chambo kizame chenyewe, taratibu, mshipi umelegea kidogo na kupita juu ya kidole chake cha shahada. Hakuvuta. Mara mojamoja alikitikisa kidole kiasi cha kumtetemesha nyungunyungu, basi, akatulia tena. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba perege akiuma usitegemee kuvutwa mkono. Mshipi husogea kando tu, nawe unauinua polepole, huukwapui. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa vichakani, yakitafuta wavu uliofichwa.

Perege walikuja. Nilivitazama vivuli vikikizunguka chambo, kimoja kikakisogelea, kikasimama, kikageuka. Jua likapanda, likatuwakia utosini, na hakuna aliyeuma. Yeye hakunung'unika. Mimi moyoni nilikuwa na raha ya mtu aliyemkamata mwizi mlangoni. Njia ya mwongo ni fupi!

Wakati wa kurudi tukapitia Himo. Nikampeleka mpaka kwenye meza za samaki.

"Chukua wawili," nikamwambia kwa upole wa kinafiki. "Dada hatajua. Mimi sisemi kitu."

Ulikuwa mtego, na niliona nimeutega vizuri.

"Atajua," akasema.

"Atajuaje?"

Akajikuna shingo. "Wale wa kwanza kabisa niliwanunua hapa hapa. Akamnusa mmoja, akasema huyu ananuka tope la bwawa, akanirudishia wote. Akaniambia nisikanyage kwake tena mpaka nijue kuvua kweli. Ndiyo nikajifunza. Jumamosi nikikosa, huwa sipandi."

Dada hakuwahi kunigusia hayo. Mimi nilikuwa nahangaika mjini kuuliza majirani wa watu, kumbe yeye alishamkagua zamani, na kwa jicho kali kuliko langu. Niliona aibu, halafu nikaona fahari.

"Leo nimekosa," fundi akasema, akininyooshea mkono wa kuagana. "Mimi nageuzia hapa, kaka. Msalimie."

Niliushika ule mkono, sikuuachia.

"Twende," nikamwambia. "Leo badala ya perege utampelekea mimi."