Bibi Afya na Paka wa Nzega

Bernadeta alifika kijiji kipya mwaka sabini na nne, juu ya lori la serikali, amepakata kapu lenye paka. Vyungu, majembe na picha ya Bikira Maria aliwaachia wanaume wapakie watakavyo, lakini kapu hakumpa mtu. Alikuwa mjane wa siku nyingi. Mwanawe wa pekee, Kasimiri, alifanya kazi ya reli huko Kaliua na alikuja nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo aliyekula naye na kusikiliza manung'uniko yake alikuwa huyo paka, jike mzee wa rangi ya majivu. Alimwita Bibi Afya, kwa sababu, kama mkaguzi wa afya, hakuna kona ya nyumba aliyoacha kuikagua.

Kijiji kilikuwa mbele kidogo ya Ntalikwa, nyumba zimepangwa mistari kama kambi. Bernadeta alipewa nyumba iliyopakana na ghala, na kwa ujirani huo akachaguliwa kuwa mtunza ghala. Humo mlikuwa na karanga za mbegu za shamba la ujamaa. Panya nao wakahamia. Bibi Afya alijitahidi, lakini meno yalishapungua, na kila kukicha gunia jingine lilikuwa limetobolewa.

Mwenyekiti wa kijiji, Raymundi, alikuwa mtu wa haraka. Alikwenda Nzega kwa mambo ya pamba, akarudi na watoto wawili wa paka ndani ya boksi la sabuni.

"Mama Kasimiri, askari wapya hawa hapa," alisema, akawamwaga sakafuni mbele ya Bibi Afya.

Bibi Afya alivimba mara mbili ya ukubwa wake. Mtoto mmoja, mwekundu, akamsogelea ili amnuse. Akapigwa kofi la makucha, damu ikamtoka puani. Kisha mzee yule akapita katikati ya miguu ya Raymundi, akatoka nje. Jioni hakurudi. Kesho yake pia hakuonekana.

Bernadeta alipika ugali ukamshinda kumeza. Wale watoto aliwapa maziwa huku amegeuzia uso ukutani, kana kwamba wao ndio waliojileta. Alizunguka mashamba yote akiita, na watu wakamwona amechanganyikiwa.

Aliyemwonea huruma ni Koleta, bibi wa nyumba ya pili, aliyeletwa na lori jingine kutoka upande mwingine kabisa. Mpaka siku hiyo walikuwa wakisalimiana tu, basi.

"Mayu," Koleta alimwambia, kwa heshima ya mama, "huyo atakuwa amerudi kwenu. Paka wa dada yangu alifanya hivyo hivyo. Umekwenda kumtazama mahame?"

"Sijaenda. Sikutaka kupaona tena."

"Twende wote, basi."

Walitoka asubuhi, wakafika jua likiwa kali. Mahame yalikuwa yameota magugu. Paa la nyumba yake lilishaondolewa, mvua zimeanza kula kuta. Bernadeta alisimama penye kizingiti kisicho na mlango. Akaita mara moja. Kutoka jikoni ikajibu sauti nyembamba, ya kulalamika. Bibi Afya alikuwa ameketi juu ya mafiga, amekonda, sikio limechanika, anamtazama kama mtu aliyecheleweshewa chakula.

Bernadeta alimkumbatia, akalia bila kujificha. "Nilijua fisi wameshamla," alisema. "Nilijua kabisa."

Njiani, kapu la paka likiwa kichwani pa Bernadeta, Koleta alimweleza jambo. "Kwetu ng'ombe akifiwa na ndama, ukitaka amnyonyeshe yatima, unamvika yatima ngozi ya yule aliyekufa. Mama akinusa, anatulia. Ninyi mlimtupia mwenzenu wageni usoni!"

Basi wakaanza upya. Watoto wakakaa ghalani, Bibi Afya akabaki nyumbani. Bernadeta aliwatandikia watoto kanga yake kuukuu, kisha akaichukua, ikiwa na harufu yao, na kuiweka chini ya bakuli la mzee. Siku ya kwanza Bibi Afya aliifokea ile kanga kama nyoka. Baadaye akala akiwa ameikanyaga. Baadaye akailalia. Ndipo Bernadeta akaweka mkeka wa matete kwenye mlango kati ya nyumba na ghala, akawalisha kila upande wake, wakisikiana tu wakitafuna.

Raymundi alikuja kulalamika. "Karanga zinaisha, mama! Wafungulie tu wazoeane."

"Mwenyekiti, uliwafungulia wewe, nikamfuata mpaka mahame. Safari hii niachie mimi."

Raymundi alikuna kichwa, akaondoka.

Asubuhi moja Bernadeta alirudi kutoka kisimani akaukuta mkeka umeanguka. Ndani kimya. Hapakuwa na mlio wa mtoto wala mfoko wa mzee. Alitua ndoo, maji yakamwagika miguuni, akaingia ghalani akiwa tayari kuokota maiti.

Nyuma ya magunia, Bibi Afya alikuwa amelala ubavu. Amemkandamiza yule mwekundu kwa mguu mmoja, anamlamba kichwa kwa nguvu, kama mama anayemwogesha mtoto mbishi. Mtoto wa pili alikuwa amelala usingizi mzito juu ya tumbo lake. Bibi Afya aliinua macho kidogo, akaendelea na kazi.

Bernadeta alitoka kwa kunyata, akamwita Koleta kwa mkono. Wakachungulia pamoja, wameshikana mabega.

"Amewapokea," Koleta alinong'ona.

"Amewapokea," Bernadeta akaitikia, akakaa chini palepale kizingitini. Kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu ashuke kwenye lori. Koleta naye akaketi, akanyoosha miguu juani.

"Una ugali wa jana?" aliuliza. "Leo nadhani utaweza kula."

"Wa jana wa nini? Nasonga mwingine sasa hivi. Kaa, tutakula wote."