Tuzo za Sinema za Kwao

Mwaka wangu wa kwanza Dubai nilipanga kitanda Al Mankhool, kwenye chumba cha wanawake sita, kila mmoja na pazia lake. Watano walikuwa Wafilipino. Mimi peke yangu nilitoka Tanga, na kuna wiki zilipita bila kutamka neno la Kiswahili isipokuwa kwenye simu.

Aliyelala kitanda cha chini ya changu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, fundi cherehani kwenye duka la kufulia nguo. Wenzake walimwita ate, yaani dada mkubwa, nami nikafuata hivyo hivyo. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Jumapili moja mchana, wenzetu wote wakiwa kazini, akafungua pazia lake akatoka na gauni la kijani, rangi ya mdomo imekaa sawasawa.

"Unakwenda harusini?" nikamuuliza.

"Naenda hapa hapa." Akaegemeza simu ukutani. "Leo wanatoa tuzo za sinema kwetu. Njoo ukae, mdogo wangu."

Ndipo nikajua kwamba kabla ya Dubai alishona mavazi ya waigizaji kwa miaka kumi na moja. Waliopita kwenye zulia jekundu aliwajua kwa vipimo: yule bega moja limeshuka, huyu akibanwa kiunoni anazimia. Nilicheka kama sijacheka tangu nishuke uwanja wa ndege.

Ilipofika tuzo ya mavazi akanishika mkono. Aliyeshinda alikuwa bosi wake wa zamani. Mwanamke yule alilia, akataja watu wake mmoja mmoja, na ate akaitikia kwa kichwa kila jina. Kisha muziki ukapigwa, mshindi akashuka jukwaani.

"Amekusahau?" nikauliza, na papo hapo nikajuta.

"Muda ulimwishia," akasema. "Wanawapa muda mdogo sana."

Akaingia nyuma ya pazia, akabaki humo mpaka wenzetu waliporudi.

Hatukuligusa tena jambo lile. Lakini miaka miwili iliyofuata tulikaa tena pamoja, yeye akinitafsiria. Mwaka jana mkataba wake ukaisha, akarudi kwao. Kitanda chake kakichukua msichana wa zamu za usiku. Hata sura yake siijui vizuri.

Mwaka huu niliomba nibadilishane zamu pale hotelini Marina ninapofanya usafi. Msimamizi akauliza kuna nini. Nikamwambia nina shughuli ya familia.

Nilikaa sakafuni peke yangu, simu yenye tuzo nimeiegemeza ukutani. Sikuelewa kitu ila neno lao la asante. Watu ukumbini walipocheka, nilingoja wamalize. Nilitazama mpaka mwisho.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, nikampigia.

"Ate, uliona?"

"Kuona nini?"

"Tuzo."

"Yesu wangu, zilikuwa jana?" Akacheka. "Wajukuu wamejaa hapa, nimesahau kabisa. Nani kashinda?"

Nikamsimulia nilivyoweza, majina nikiyavuruga, naye akinisahihisha. Nilipofika kwenye mavazi akanikatiza: "Ngoja, mdogo wangu, mtoto analia. Nitakupigia."

Hakupiga siku ile, na sikumlaumu. Alikuwa ameshafika nyumbani. Nikapanda ghorofa ya kumi na saba. Vyumba tisa vilikuwa bado havijatandikwa.