Jina la Kwanza Ukutani

Mume wangu Lemein huuza mbuzi soko la Kisaju, na ukimwona akimshika mnyama kiunoni kupima unono wake, huwezi kujua mikono ile iliwahi kuwaangusha wanaume ulingoni. Miaka ya tisini alikuwa bondia. Glavu zake bado zinaning'inia kwenye msumari juu ya redio, zimepasuka kama visigino vya mchungaji. Siku hizi sikio lake la kushoto karibu limezima, nami humchunga: akivuka barabara ya Namanga, akisahau kofia, akikaa kimya sana.

Kwa hiyo nilifurahi Mwalimu Ezra aliposema anawapanga mabondia bora wa Kajiado wa miaka ile. Ezra hufundisha hesabu, na jioni hufundisha vijana ndondi katika ukumbi mpya hapa Kitengela. Alikusanya matokeo kutoka magazeti ya zamani na kwa waamuzi waliostaafu, akayaingiza kwenye kompyuta. Alinieleza nami nikaelewa, ingawa shule niliiacha darasa la sita. Haangalii wingi wa ushindi tu. Ukimshinda mtu hodari unapata alama nyingi, ukimshinda dhaifu unapata chache, na anayeshindwa ndiye anayetoa hizo alama. Mwenye alama nyingi kuliko wote, jina lake lingepakwa rangi juu kabisa ya ukuta wa ukumbi, na siku ya ufunguzi angepiga kengele ya kwanza.

Nililitaka jina hilo liwe la Lemein. Nililitaka kuliko yeye mwenyewe.

Likaenda kwa Katoo. Lemein akawa wa pili.

Katoo ni rika la mume wangu. Walitahiriwa msimu mmoja. Mkewe, Kakenya, ni jirani yangu, na mdomo wake hauna komeo. Kesho yake bouza, lori la kuuza maji, ilipokuja, aliipita foleni yote na mitungi yake.

"Kakenya, foleni inaanzia huku nyuma," nikamwambia.

"Ooh, Mama Koinet! Mke wa nambari moja pia anapanga laini?" Wanawake wakaangua kicheko. "Nyinyi wa nambari mbili ngojeni tu pole pole. Maji iko mingi."

Nilicheka nao. Lakini niliubeba mtungi bila kufunga kifuniko, nikafika nyumbani nguo zimeloa mgongo mzima.

Nikaenda kwa Ezra. "Mwalimu, Katoo alimshinda mume wangu lini? Mimi sijawahi kusikia hao wawili wamepigana."

Akatazama kompyuta yake. "Fainali ya Kajiado, mama. Lemein hakupanda ulingoni. Ushindi ukapewa Katoo."

Fainali hiyo naikumbuka. Nilikuwa bibi arusi mpya, na Lemein aliniambia amevunjika kidole. Jioni, nilipotoka kwa Ezra, nilimfuata zizini, nikasimama upande wa sikio lake zima.

"Baba Koinet, kile kidole cha fainali kilikuwa kipi?"

Akacheka kidogo. "Kidole ilikuwa mzima. Sasa ningempiga Katoo kwa uso namna gani? Hiyo uso nimekula nayo tangu tukiwa morani. Nilimwachia."

"Ndiyo maana mnaitana Pakiteng?"

Kwetu Wamaasai, wanaume waliopeana ng'ombe dume huacha kuitana kwa majina yao. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng mpaka kufa. Miaka yote nilijiuliza dume huyo alikuwa yupi, maana zizini kwetu hakutoka na hakuingia.

"Dume ni hiyo fainali," akasema, akaendelea kuhesabu mbuzi.

Mimi hajawahi kunipa hata kuku kwa moyo wa namna ile.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Ezra kabla hajafungua. Nikamweleza yote. "Hawakugusana hata kwa kidole. Sasa wewe unahesabu nini?"

Akakuna kichwa. "Ni kweli, mama. Pambano lisilopigwa halifai kuingia kwenye hesabu. Nilikosea." Akalifuta. Alama zikamtoka Katoo, zikamrudia Lemein, na jina letu likapanda juu. Niliporudi nilipita kwa Kakenya makusudi.

"Kakenya! Bouza ikija kesho, unishikie nafasi. Ile ya mbele kabisa."

Akajifanya anakagua mitungi. Utamu wa kimya chake niliula mpaka jioni.

Jioni Katoo akaja. Aliketi, chai hakuigusa.

"Lemein," akasema, "nimekuja kukupongeza. Hongera, Lemein."

Alimwita hivyo mpaka akainuka kwenda. Pakiteng hakulitaja. Nilimwona mume wangu akiinama zaidi kila jina lake lilipotajwa, kama mtu anayepigwa mbavuni na hataki mwamuzi ajue.

Katoo alipotoka, Lemein akaniuliza, "Nani alimwambia mwalimu?"

Nikainua kikombe cha Katoo kilichopoa, naye akaelewa.

"Kitu nimepea mtu, wewe umeenda kuitoa kwa zizi yake." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tukaenda wote kwa Ezra. "Irudishe," Lemein akamwambia.

"Lakini mzee, kanuni ya hesabu..."

"Kikombe cha fainali kilienda na nani?"

"Na Katoo."

"Sasa hiyo kompyuta yako inajua kushindwa kwangu kuliko mimi?"

Ezra akanitazama kana kwamba ningemsaidia. Nikatazama sakafu. Akairudisha.

Siku ya ufunguzi rangi ilikuwa bado inanuka. Katoo juu, Lemein chini yake. Kakenya alikuwa amevaa shanga mpya, akanidunga kwa kiwiko. "Mama Koinet, makofi yako iko wapi? Ama umeiacha kwa foleni?"

Nikapiga makofi, lakini sikuwa namtazama yeye wala shanga zake. Nilimtazama Katoo akishika kamba ya kengele, akageuka, akaita katikati ya zile kelele zote, wala si kwa sauti kubwa:

"Pakiteng!"

Lemein alikuwa amekaa mbali, sikio lake bovu ndilo limeelekea ulingoni. Akaitika papo hapo, akainuka, akaenda. Kengele waliivuta pamoja.

Mimi humwita kutoka jikoni mpaka chai inapoa.